Aliyenunua Magari Akaacha Funguo

Habari ilinikuta chini ya gari. Nilikuwa kwenye gereji moja kule Mkonze, nimelala chali juu ya boksi lililofunguliwa, tochi mdomoni, nagonga chasisi ya Landrova ambayo mwenyewe alikuwa akiniapia kwamba haijawahi kuchomelewa, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Nilipotoka na kuisoma, kundi letu la wapenda magari ya zamani lilikuwa limeshajaa pole na dua. Amefariki alfajiri, anazikwa leo baada ya adhuhuri. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua, ingawa sijawahi kumtaja jina na leo pia sitamtaja. Ni yule bwana wa sokoni, ambaye kila nilipoandika humu kuhusu gari zuri lililonipita, ndiye aliyekuwa amelichukua. Ningependa kuwaambia kwamba machozi yalinitoka. Ukweli ni kwamba jambo la kwanza lililonijia, kabla ya kumwombea, kabla hata ya kujipangusa vumbi mgongoni, lilikuwa swali: lile gari lake la Pijo sasa litakwenda kwa nani?

Huyu bwana alikuwa mwenyeji wa Dodoma hasa. Wazee wake walifika na misafara ya zamani, wakapaona panafaa, wakabaki wakifanya biashara kizazi hadi kizazi. Yeye alirithi duka la magodoro na mabati karibu na soko, pamoja na kofia nyeupe iliyonyooka siku zote, manukato unayoyasikia kabla hujamwona, na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kumweleza jambo. Kuhusu magari hakujua kitu. Nasema hivi bila nia ya kumsema vibaya marehemu. Ukimfungulia boneti, aliitazama injini kwa huruma, kama mtu aliyekuja kumpa pole mgonjwa wa jirani, kisha akauliza kama gari lina jina. Mimi nimelala chini ya magari tangu nikiwa na nywele kichwani. Najua kwa kusikia tu kama kabureta imesafishwa jana ili kumlaghai mnunuzi. Lakini nendeni kwenye ua wake mkatazame yaliyopangwa chini ya lile banda la mabati, kisha mje kwangu mwone nilichonacho, halafu mniambie kama nilikuwa na haki ya kuwa na donge rohoni au sikuwa nayo.

Kwa wasiojua, uwanda huu wetu wa kati ni ghala la magari ya kale. Pwani chumvi hulila gari likiwa limesimama, lakini huku mvua ni za kuhesabu, na jua, ingawa linachubua rangi na kupasua mipira, huliacha bati likiwa bati. Magari waliyokuwa wakiendesha maofisa mifugo, wamisionari, wakuu wa shule na watu wa reli bado yamo nyuma ya nyumba, chini ya maturubai, kuku wakiyatagia. Tangu serikali ihamie hapa na watu wenye nafasi wakaongezeka, wawindaji wamekuwa wengi. Nimewahi kuwaelekeza humu namna ya kulikagua gari la namna hiyo, na maneno yangu nayasimamia. Fika asubuhi, uguse boneti kabla salamu hazijaisha, maana likiwa limeshapata moto ujue wamekuficha jinsi linavyosumbua kuwaka. Beba sumaku uliyoifunga kwenye kitambaa, uipitishe kwenye milango na juu ya tairi, na pale isipokamata ujue pamepakwa puti ya kufichia kutu. Linganisha namba ya chasisi na ya kwenye kadi. Tazama mpira wa pedali: dashibodi inaweza kudanganya ni umbali gani gari limetembea, lakini nyayo za dereva hazidanganyi.

Siku moja mimi na yule bwana wa sokoni tulikwenda Ihumwa, kwa mzee mmoja aliyestaafu udereva wa treni. Mzee alikuwa na Landrova lililokuwa limeegeshwa kando ya zizi la mbuzi, upande wa kutokea reli, na nilipoliona tu mikono ilianza kuniwasha. Wao wawili wakakaa kwenye viti, mimi nikaingia kazini. Nilipotoka chini ya gari nilikuwa nimekamilisha uchunguzi, na kwa sababu mimi ni mtu mkweli, nikaanza kumweleza mzee matatizo ya gari lake moja baada ya jingine, nikianzia breki. Mzee alinisikiliza kwa adabu mpaka nikafika kwenye giaboksi. "Mwanangu," akasema, "huyu tumezeeka naye. Unanisomea magonjwa yake mbele yake?" Yule bwana wa sokoni akacheka sana, akageuza mazungumzo yakarudi kwa mbuzi, kutoka kwa mbuzi yakaenda kwenye safari za usiku za treni na simba waliokuwa wakilala relini. Alikuwa anauliza gari limewahi kumbeba nani. Limempeleka binti yupi kwa mumewe? Nani alizaliwa ndani yake njiani? Niliona ni upotezaji wa muda. Baadaye mzee alimuuzia yeye, na breki zilikuwa mbovu vilevile kama nilivyosema.

Lakini Landrova la Ihumwa nilimsamehe. La Mpwapwa sikumsamehe, na sijui kama nimemsamehe hata leo ninapoandika. Lile nililiona mimi. Nilikuwa nimekwenda Mpwapwa kwa shughuli zangu, nikapanda bodaboda kwenda kumsalimia mtu, tukapita nyuma ya nyumba moja ya matofali ya zamani, na chini ya turubai lililopasuka nikaona taa. Nilimwambia dereva asimame kwa sauti iliyomshtua. Lilikuwa Pijo, nne-sufuri-nne, lile refu la nyuma la kubebea familia, rangi ya maziwa, viti vyake vya asili vikiwa vimeshonwa upya kwa mkono. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja, mjane wa ofisa mifugo aliyewafundisha wafugaji wa wilaya nzima kuogesha ng'ombe. Nilirudi Dodoma nikiwa siwezi kula, na furaha ikanifanya nimwambie huyu bwana. Kila mtu ana siku yake ya ujinga, na ile ilikuwa yangu.

Niliporudi Mpwapwa nilikuwa na kila kitu: sumaku, tochi, spana, na fedha taslimu. Bibi alinikaribisha vizuri. Nilikagua Pijo kuanzia bampa hadi bampa, na wasomaji wangu, sijawahi kuona gari safi namna ile. Sumaku ilikamata kila mahali. Tukaelewana bei bila hata kubishana, akaniletea kadi, nikaiona namba inalingana, roho ikatulia. Kisha nikanyoosha mkono kuomba ufunguo. Bibi alinitazama, akautazama msumari uliokuwa ukutani nyuma yangu, ambapo ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye kipande cha ngozi ya ng'ombe. "Gari nimekupa, baba," akasema. "Huo utabaki." Nilidhani ananitania. Nikacheka, nikamwuliza nitalifikishaje Dodoma gari lisilo na ufunguo, nitalisukuma? Nikamweleza kwa upole kabisa kwamba gari likiuzwa huuzwa na kadi yake na ufunguo wake, na kwamba mtu mwingine akiachiwa ufunguo, mnunuzi atalala na wasiwasi. Akaingia ndani, akatoka na chai. Tulipomaliza chai aliniambia nije siku nyingine. Mtu akikwambia hivyo huku, ameshakwambia usije.

Kabla ya mwezi kuandama, Pijo lilikuwa Dodoma, chini ya banda la mabati, na yule bwana alikuwa amesimama kando yake na kofia yake, anacheka. Nilimwuliza amewezaje, na kwa kweli sauti yangu haikuwa ya kirafiki. Alisema hakufanya lolote la ajabu. Alimchukua fundi wa kuchonga funguo pale Mpwapwa mjini, wakapanda bodaboda wote wawili mpaka kwa bibi, fundi akakaa kwenye kigoda mlangoni, akapiga tupa mpaka ufunguo mpya ukakubali. Ule wa zamani akamrudishia bibi mkononi, na bibi akautundika mwenyewe kwenye msumari wake. "Mwandishi," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, "wewe hujawahi kununua ng'ombe kwa watu wa kule? Ng'ombe unapewa, kamba anabaki nayo mwenyewe. Ukichukua na kamba, umemchukulia na ng'ombe watakaozaliwa." Nilimwambia kwetu Songea nilikulia kwenye mahindi na nguruwe, na nguruwe hauzwi na masharti. Akacheka mpaka kofia ikapinda. Nilimwambia pia kwamba Pijo si ng'ombe. "Kwako," akasema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba magari yote yale, la Ihumwa, la Kondoa, lile dogo la kijani alilolitoa kwa katekista mstaafu, aliyaondoa kwa ufunguo wa kuchonga. Funguo za asili zilibaki zimetundikwa kwenye nyumba za watu, huko na huko katika nchi hii kavu. Nilimwambia ni uzembe, kwamba siku moja mtu mwenye ufunguo atakuja kuchukua gari. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo maana yake: mtu ajue anaweza. Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu, nikitegemea aungane nami kumcheka. Aliniambia, "Huyo mtu ana akili," akaendelea kuchambua mchicha. Ndiyo sababu mambo mengine siyapeleki nyumbani.

Basi nikaenda mazikoni. Nilivaa suti, nikasimama nyuma kama inavyonipasa, na hata pale, Mungu anisamehe, nilikuwa na wivu. Watu walijaa mpaka barabarani. Nilimwona yule mzee wa treni, amekuja kutoka Ihumwa na wanawe, amekaa kwenye mkeka wa wafiwa wala si kwenye viti vya wageni. Nilimwona katekista, Mkristo mwenzangu, ameshika beleshi kaburini. Nikajiuliza ni nani kati ya watu niliowahi kununua kwao gari atakayejua siku nikifa. Nina kadi zao za zamani, nina picha za magari yao kabla na baada. Nikikutana nao sokoni wengi sitawatambua, na wao pengine watanikumbuka kwa sumaku.

Nayasema haya kwa sababu naona mji wetu unavyokwenda, na sisi nao. Siku hizi gari la kale linauzwa kwenye simu. Dalali anapiga picha, anaandika kwamba halina hata mkwaruzo, mtu aliyeko Dar es Salaam analipa kabla ya jioni, gari linapakiwa kwenye lori, na aliyekuwa nalo anabaki na kipande cha ardhi chenye mafuta yaliyodondoka. Sisemi ni dhambi, maana mimi mwenyewe nimenunua hivyo. Lakini nyumba zinaota hapa kila upande, majirani tunasalimiana kwa honi na kutengana kwa kuta, na kila tunachonunua tunataka kikatwe kabisa kutoka kwa aliyekuwa nacho, kisibaki hata na uzi. Huo tunauita usalama. Yule muuza magodoro, ambaye hakujua tofauti ya plagi na nozeli, alifanya kinyume, na watu wakawa wanampelekea magari yao mazuri hata kabla hajaomba, wakati mimi nazunguka na tochi.

Arobaini ilipopita, kijana wake mkubwa alinipigia simu. Familia ilikuwa imeshakaa kikao cha mirathi, na yeye ndiye waliyemteua kusimamia. "Shikamoo mzee," akasema. "Kuna hili Pijo. Baba alisema lisiuzwe mpaka wewe ulikatae." Nilimwomba arudie. Akarudia, akaongeza: "Alisema wewe ndiye uliyeliona kwanza." Nilikaa chini. Ninyi mnaonisoma mtadhani nilifurahi, na nilifurahi, lakini chini ya furaha ile kulikuwa na hasira. Yaani hata hapa? Hata katika kufa kwake awe muungwana kunizidi? Kama angekuwa mchoyo, ningemzika nikapumzika. Nilikwenda siku hiyohiyo, nikakagua gari kama nilivyokagua mara ya kwanza, kijana akinitazama akijizuia kucheka kama baba yake. Sumaku ilikamata kila mahali. Tukamalizana bei, akanikabidhi kadi na ule ufunguo wa kuchonga, ambao kwa kuchongwa mlangoni kwa mtu ulikuwa umetoka vizuri sana.

Jumamosi nililiwasha, nikatoka Dodoma, nikapinda Mbande kwenda Mpwapwa. Nataka niwe mkweli kuhusu sababu ya safari ile: nilitaka bibi anione. Nilitaka aone kwamba gari limefika kwa mtu aliyelistahili tangu mwanzo. Njiani watoto walilipungia mkono, na kituo cha mafuta mtu mmoja alisogea dirishani akitabasamu, akaniona, tabasamu likapungua. "Aa, samahani mzee. Nilidhani ni yule bwana." Nilimwambia yule bwana amefariki. Akavua kofia pale pale, akasimama kandokando ya Pijo langu, na mimi nikabaki ndani yake sijui nitazame wapi.

Bibi alikuwa amezeeka zaidi, amepungua, lakini alinitambua, akanisalimia kwa Kigogo. "Mbukwa, baba. Wewe si yule wa sumaku?" Nikakubali, nikampa shikamoo, nikampa pole ya msiba wa rafiki yake. Hakusema neno kuhusu nani anastahili nini. Aliingia ndani, akatoka na mtandio mabegani na ule ufunguo wa kipande cha ngozi mkononi, akaenda mwenyewe kwenye mlango wa mbele wa abiria, akaufungua kwa ufunguo wake, akakaa. Nilibaki nimesimama na wangu. "Haya," akasema. "Yeye akija tulikuwa tunaanza kwa mzee." Sikuelewa mzee yupi mpaka aliponielekeza, kushoto, tena kushoto, tukapita miti ya misheni na kufika makaburini. Alishuka, akang'oa majani kwenye kaburi la mumewe, akamweleza kwa Kigogo maneno marefu ambamo nilisikia jina la yule bwana, na mwishoni akanionyesha kwa kidole. Tulirudi polepole. Nilikuwa natafuta la kusema, na kwa kuwa nilitaka sana anipende kama alivyompenda yule, nikamwahidi.

"Bibi, nitakuwa nakuja kukuchukua."

Alikuwa anapangusa vumbi kwenye dashibodi kwa ncha ya mtandio. "Yule hakuwahi kuniambia atakuja, baba," akasema. "Nilikuwa nasikia honi tu."

Wasomaji wangu, Pijo ninalo. Limesimama nje ya dirisha hili ninapoandika, na ni zuri kuliko nilivyowahi kuota, na wivu haujapungua hata kidogo. Nilidhani nalionea wivu gari, kumbe miaka yote nilikuwa nimekagua kitu kisicho chenyewe. Kwa hiyo leo, badala ya kuwaelekeza namna ya kununua, nawapa ushauri huu mmoja: ukimwonea mtu wivu, chunguza vizuri kabla hujakinyooshea mkono ulichokitamani, maana mali ya mtu unaweza kuipata kwa mirathi, kwa fedha au kwa bahati, lakini jinsi watu wanavyoitika anapopiga honi mlangoni haimo kwenye kadi. Nimeijaribu honi ya hili Pijo. Inalia vizuri. Jumamosi natoka asubuhi, na sijampigia bibi simu.